Sufuria Milioni 12: Sensa ya Kenya Ukiisoma kwa Kaya

Muulize Mkenya yeyote sensa ya 2019 ilisema nini, atakwambia tuko milioni 47 na ushei. Hasa ni 47,564,296. Nambari hiyo ilitangazwa Novemba 2019 na mpaka leo hotuba nyingi za viongozi huanza nayo. Mimi riziki yangu ni takwimu, na majedwali ya sensa hii yamekuwa mezani kwangu tangu yachapishwe, lakini nambari hiyo siitumii sana. Ninayoitumia karibu kila wiki ni nyingine ambayo watu wachache wanaijua: kaya 12,143,913.

Iweke kando ya ile ya 2009 uone. Mwaka 2009 tulikuwa watu 38,610,097 ndani ya kaya 8,767,954. Kwa miaka 10 watu wakaongezeka kwa asilimia 23, kaya zikaongezeka kwa asilimia 38.5. Gawanya mwenyewe: kaya moja ya 2009 ilikuwa na watu 4.4, ya 2019 ina 3.9. Nusu mtu tu, utasema. Lakini hiyo ni milango mipya takriban milioni 3.4, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anayetafuta jiko lake, taa yake, ndoo yake ya maji na msumari wa kutundikia nguo.

Hapo inafaa tujue kaya ni nini, maana kwa watu wa sensa kaya si nyumba wala si familia. Ni watu wanaoishi boma au ploti moja, wanaomtambua mkuu mmoja, na wanaopika pamoja. Hilo la tatu ndilo huamua mambo. Chukua nyumba ya Kiswahili pale Mombasa, Majengo au Kisauni: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, choo na bafu uani. Ukiitazama kwa nje ni paa moja la mabati na mita moja ya stima inayozua ugomvi kila tokeni zikiisha. Karani wa sensa akiingia anabisha chumba kwa chumba. Cha kwanza yumo mama na wanawe wawili, na jiko lao. Cha pili vijana watatu wa boda boda ambao hawana nasaba hata kidogo, lakini wanachanga pesa ya unga na kupika sufuria moja: hao ni kaya moja. Cha tatu amelala kaka yake mwenye nyumba, ila chakula anakula kwa dada yake chumba cha mbele, basi anaandikwa huko kwa dada. Karani akifika mlango wa uani, vyumba sita vimempa kaya tano.

Kwa mfanyabiashara, hesabu hiyo ina uzito kuliko hesabu ya vichwa. Watu wanane wakiishi pamoja wanatosheka na jiko moja, taa mbili na bale la unga. Hao wanane ukiwatawanya vyumba vinne, watanunua majiko manne, watalipa kodi nne, na unga watachukua pakiti moja moja. Ile biashara ya "kadogo", mafuta ya kupimiwa na sukari robo, wengi huieleza kwa umaskini peke yake. Umaskini umo, sibishi. Lakini mtu anayeishi peke yake katika chumba kimoja hana haja ya debe la mafuta, na hata angekuwa na pesa hana pa kuliweka.

Nchi nayo haiko sawa. Nairobi kaya ina watu 2.9 kwa wastani, Mandera 6.9. Ukichukua wastani wa taifa wa 3.9 ukapanga nao biashara ya mitungi ya maji, utakosea huku na kule. Umiliki wa nyumba ni vilevile: kitaifa asilimia 61.3 ya kaya zinaishi katika nyumba zao, lakini Nairobi ni asilimia 9.3. Yaani kwa kila kaya 10 za jiji, 9 zinamlipa mwenye nyumba. Mwezi ukiisha, pesa za Nairobi zina safari moja kubwa kabla ya kufika sokoni.

Kuna safari nyingine ambayo sensa haiioni. Baba ana boma lake Kakamega, mke na watoto wako huko, yeye amepanga chumba Kawangware. Usiku wa sensa amelala Kawangware na kupika chai yake mwenyewe. Katika jedwali hizo ni kaya mbili: moja ya mtu mmoja jijini, na nyingine kijijini ambayo mkuu wake ni mwanamke. Mtu akinukuu idadi ya kaya zinazoongozwa na wanawake kana kwamba wote ni wajane au wameachwa, mimi huuliza wangapi kati yao hupokea M-Pesa kila mwisho wa mwezi kutoka kwa mume aliye hai na mzima. Sensa imehesabu majiko mawili, ila pesa inayoyaunganisha haimo.

Kwa hiyo kaya zinapopungua ukubwa, usikimbilie kusema ni uzazi tu. Uzazi umeshuka kweli: tafiti za afya na idadi ya watu ziliupata kuwa watoto 4.6 kwa mwanamke mwaka 2008-09 na 3.9 mwaka 2014. Lakini kijana anayehama kwa wazazi kwenda kupanga anaongeza kaya bila mtu yeyote kuzaliwa.

Sasa tuingie jikoni. Juzuu la nne la ripoti, lile la hali za kijamii na kiuchumi, ndilo ningemshauri msomaji aanze nalo. Linasema kaya asilimia 55.1 hupikia kuni hasa, 23.9 gesi, 11.6 makaa, 7.8 mafuta taa. Mwaka 2009 gesi ilikuwa takriban asilimia 5. Kitu kikiruka hivyo kwa miaka 10, kuna mikono iliyokisukuma. Mwaka 2016 serikali iliondoa ushuru wa VAT kwenye gesi ya kupikia. Februari 2018 ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda. Septemba mwaka huohuo mafuta taa yakatozwa shilingi 18 zaidi kwa lita, kwa hoja kwamba wajanja walikuwa wanayachanganya na dizeli. Mafuta yakapanda, makaa yakapanda, na mtungi wa kilo 6 wenye jiko juu yake ukawa umeshajaa madukani. Makarani walipopita Agosti 2019 walikuta maamuzi hayo matatu yamekaa jikoni tayari.

Ila soma swali kabla ya kusoma jibu. Karani aliuliza nishati *kuu* ya kupikia, na jibu ni moja tu. Mtu wa Pwani ana majiko mawili na pengine matatu. Chai ya asubuhi na kupasha kiporo ni gesi. Maharagwe na mbaazi hakuna atakayezichemshia gesi saa mbili nzima, hizo ni za makaa. Na wali wa nazi sharti upaliliwe makaa juu ya kifuniko, hapo hakuna mjadala. Mama huyo atajibu "gesi" na atakuwa amesema kweli, lakini mkebe wa makaa bado ananunua. Kwa hiyo hiyo asilimia 11.6 ni ya wanaotegemea makaa, wala si ya wanaoyanunua. Anayetaka kujua ukubwa wa biashara ya makaa kwa jedwali hili peke yake atapata picha ndogo kuliko gunia lilivyo.

Stima nayo ina kisa chake. Mwaka 2009 kaya zilizowasha taa kwa stima ya gridi zilikuwa chini ya robo, mwaka 2019 zikafika asilimia 50.4. Hiyo ni kazi kubwa kwa miaka 10, na mradi wa kusambaza umeme vijijini ulioanza 2015 umechangia sana. Sola ikachukua asilimia 19.3 nyingine, nyingi zikiwa vifaa vidogo vya kulipia kidogokidogo kwa simu. Sasa rudi jikoni: wanaopikia stima hasa ni asilimia 0.9. Stima imeingia nyumbani kwa ajili ya taa, simu na runinga, kisha ikasimama mlangoni mwa jiko. Kampuni inayouza umeme ikilalamika kwamba wateja wapya wa vijijini hununua tokeni kidogo mno, jibu liko hapa.

Simu ndiyo hunifurahisha zaidi. Sensa ilipata watu milioni 20.7 wenye simu ya mkononi, ambao ni asilimia 47.3 ya watu wote wa miaka 3 na zaidi. Mwaka uleule Mamlaka ya Mawasiliano ilikuwa inahesabu laini zaidi ya milioni 50. Watu waliona nambari hizo mbili wakasema lazima mmoja anadanganya. Hakuna. Mamlaka inahesabu laini, sensa inahesabu watu, na mtu mmoja ana laini ya kupokea pesa, nyingine ya bando za bei nafuu, na labda ya tatu ndani ya modemu. Katika kundi la sensa wamo pia watoto wa miaka 3, 5 na 9 ambao hatuwategemei wawe na simu. Anayeleta ombi la mkopo la kutengeneza programu ya simu akiwa ameandika "soko la wateja milioni 50" ajue mwenye benki aliyesoma sensa atamkata nusu palepale. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalitarajii: wenye simu wanawake ni wengi kidogo kuliko wanaume, lakini ukija kwenye kutumia intaneti wanaume wanaongoza. Simu ipo mkononi, bando halipo. Au simu yenyewe ni kabambe, ile ndogo ya vitufe.

Redio usiizike. Kaya zenye redio ni asilimia 56.9, na hapo iliulizwa redio inayosimama peke yake. Anayesikiliza kwa simu au kwa redio ya matatu hayumo.

Yote hayo yamepigwa picha usiku mmoja, wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Ili watu wapatikane nyumbani, Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang'i aliamuru baa zifungwe saa 11 jioni siku hiyo na iliyofuata. Nilimsikia mzee mmoja akisema hiyo ndiyo sehemu ya sensa aliyoihisi mwilini. Aliyelala Kenya usiku ule anahesabiwa alipolala, awe mgeni au mwenyeji. Kijana wa Kilifi anayefanya kazi Qatar hayumo, ingawa nyumba ya mama yake imeezekwa mabati kwa pesa zake na mabati hayo yamehesabiwa.

Sheria hiyo ya kulala ndiyo mlango wa siasa. Katika kanuni ya kwanza ya kugawia kaunti fedha, idadi ya watu ilibeba asilimia 45 ya uzito wote. Kwa hiyo viongozi kuwahimiza watu warudi kwao wakahesabiwe haikuwa mapenzi ya nyumbani tu. Kanuni ya tatu, ambayo Seneti iliivutania kwa miezi mwaka 2020 huku wengine wakiimba "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja", ilishusha uzito wa watu hadi asilimia 18 na kuleta vigezo vingine kama afya, umaskini na barabara. Kanuni hiyo ilitumika hadi 2025, na naona ilisaidia takwimu kuliko mahubiri yoyote ya uadilifu: zawadi ya kuongeza vichwa ikipungua, hamu nayo inapungua.

Na vichwa vya kuongeza huonekana. Mwaka 2010 serikali ilifuta matokeo ya wilaya 8 za kaskazini kwa sababu ukuaji wake haukulingana na vizazi na vifo. Watu halisi huja na umri wao: watoto wengi, vijana, wazee wachache, wanaume na wanawake karibu sawa. Watu wa kubuni hawana mpangilio huo. Hata watu halisi wana kasoro zao. Asiyejua mwaka aliozaliwa husema 40, 45 au 50, na ukichora umri wa wazee unaona vilele kwenye kila 0 na 5. Hilo tunalizoea na tuna vipimo vya kulirekebisha.

Kinachonisumbua zaidi ni swali linapobadilika kimyakimya. Mwaka 2009 watu wenye ulemavu walikuwa asilimia 3.5, mwaka 2019 wakawa 2.2. Hakuna mtu aliyepona. Safari hii watu waliulizwa ugumu wanaoupata katika kuona, kusikia, kutembea na kadhalika, na walioandikwa ni wa miaka 5 na zaidi wenye ugumu mkubwa au wasioweza kabisa. Nimeona mapendekezo ya miradi yakisema ulemavu Kenya unapungua, na bajeti ikapunguzwa kufuata sentensi hiyo.

Kuhusu gesi pia, angalieni tarehe. Ile asilimia 23.9 ni ya Agosti 2019, kabla ya korona na kabla VAT haijarudishwa kwenye gesi Julai 2021 kwa asilimia 16, ikashushwa hadi 8 mwaka 2022 na kuondolewa tena 2023. Anayefungua duka la gesi leo achukue kutoka kwa sensa idadi ya kaya za kata ndogo yake, iko juzuu la pili, kisha apite mlango kwa mlango mwenyewe kuuliza wanapikia nini. Na aulize jiko la pili ni lipi, maana hilo sensa haikuuliza, na ningependa sana liwemo kwenye hojaji ya 2029.