Fleury, kijiji chenye meya lakini hakina mkazi

Ukitaja Fleury-devant-Douaumont, kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Verdun, kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, utaambiwa kijiji hicho kilishakufa. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu si kweli.

Dhana: Kijiji kilifutwa.
Ukweli: Majumba ndiyo yaliyofutika. Kisheria Fleury ipo, ina mipaka yake na meya wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwaka 1919, Ufaransa iliamua kwamba vijiji vilivyosagwa Verdun visifutwe kwenye daftari la serikali, maana vilikufa kwa ajili ya nchi. Sita kati yake hadi leo havina mkazi hata mmoja, Fleury ikiwemo. Kwa kuwa hakuna wa kupiga kura, meya na wasaidizi wake wawili huteuliwa na prefekti, yaani mwakilishi wa serikali kuu katika mkoa wa Meuse. Kazi yao ni kuitunza ardhi hiyo na kumbukumbu zake.

Dhana: Wanakijiji waliuawa wote.
Ukweli: Kabla ya vita waliishi hapo watu 422, wengi wakulima. Tarehe 21 Februari 1916, mizinga ya Wajerumani ilipoanza kunguruma, waliamriwa kuondoka. Wakachukua walichoweza kubeba, wakaacha mifugo, vyombo na makaburi ya wazee wao. Walioangamia Fleury kwa wingi ni askari. Vita vilipokwisha wenyeji walikatazwa kujenga upya, kwani udongo ulijaa makombora na maiti.

Dhana: Kilibomolewa kwa pigo moja.
Ukweli: Kijiografia Fleury ilikaa pabaya, juu ya mgongo wa kilima ng'ambo ya mashariki ya mto Meuse, kati ya ngome za Douaumont na Souville. Aliyeshika mgongo ule aliikaribia Verdun. Wajerumani waliingia tarehe 23 Juni 1916, baada ya kumwaga makombora ya gesi ya sumu. Tangu hapo hadi Agosti kijiji kilibadilisha mikono mara 16. Mwishowe hata mawe ya kuta yalikuwa vumbi.

Dhana: Vilikuwa vita vya Wazungu peke yao.
Ukweli: Hapa watu hukosea pande zote mbili. Kikosi kilichoikomboa Fleury mwezi Agosti kiliitwa cha Morocco, ila askari wake wengi walikuwa Wafaransa. Jina lilitokana na kilikoundwa. Lakini tarehe 24 Oktoba, kikosi hichohicho kilipoitwaa ngome ya Douaumont, kilikuwa na askari wa Afrika Magharibi walioitwa Wasenegali, na askari walioandikishwa pwani ya Somalia, yaani Djibouti ya leo. Majirani zetu hao hutajwa mara chache mno.

Msitu uliopo nao huwadanganya wageni. Si wa kale, ulipandwa baada ya vita. Tazama chini ya miti: ardhi yote imebonyea, shimo kando ya shimo, na majani yameota juu yake. Njia za zamani zimewekewa vibao: hapa palikuwa kwa mwoka mikate, pale kwa mhunzi. Pa kanisa pamejengwa kikanisa kidogo.

Na ardhi hiyo bado inatoa watu. Mwaka 2013 ilipatikana mifupa ya askari 26 wa Ufaransa papo hapo Fleury, na baadhi yao walitambulika kwa majina.