Maabara kwenye kadi ya karatasi: dhana potofu na ukweli

Dhana: Maabara ndogo, yaani chipu au kadi yenye mifereji myembamba ya kupimia vimiminika, ni mashine kubwa iliyopunguzwa umbo tu.

Sivyo. Udogo hubadilisha mwenendo wa vitu. Katika mfereji mwembamba kama unywele, vimiminika viwili hutiririka sambamba bila kuvurugana. Huchanganyika pale tu molekuli zinaposambaa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Muda wa kusambaa hufuata mraba wa umbali: njia ikiwa fupi mara 10, muda hupungua mara 100. Kasi ya chipu inatoka hapo.

Dhana: Tone moja la damu linatosha kwa vipimo vyote.

Kampuni ya vipimo vya damu ya Theranos, Marekani, iliwauzia watu ahadi hiyo, na mwaka 2022 mwanzilishi wake, Elizabeth Holmes, alitiwa hatiani kwa kuwalaghai wawekezaji. Sukari ni nyingi kwenye damu, ndiyo maana tone linatosha kuipima. Kitu kilicho adimu huenda kisiwemo vya kutosha ndani ya tone hilo.

Dhana: Bila silikoni (malighafi ya chipu) na kiwanda ghali, haiwezekani kutengeneza maabara ndogo.

Mwaka 2007 kundi la mkemia George Whitesides, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, lilionyesha kwamba karatasi inaweza kuongoza kimiminika kwenye njia zilizochorwa. Chuo Kikuu cha Notre Dame, pia cha Marekani, kikatengeneza kadi ya kukagua dawa, ambayo imejaribiwa pia Kenya. Ina njia 12 zilizotenganishwa kwa nta. Unapaka unga wa kidonge ukikatisha njia zote, unachovya ukingo wa chini majini, maji yanapanda yenyewe na kuamsha vitendanishi (kemikali za kupimia) vilivyokaushwa humo. Baada ya dakika chache rangi zinajitokeza. Kidonge kilichojazwa wanga kinaumbuka hapo hapo, bila umeme! Kwangu, huu ndio uvumbuzi unaostahili pesa zetu za utafiti.

Dhana: Kadi ikikubali, dawa ni salama.

Hapa tuwe waangalifu sana. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, bidhaa 1 kati ya 10 za tiba ni bandia au hafifu. Rangi za kadi hufichua pale kiambato, yaani kemikali inayotibu, kinapokosekana. Dawa iliyopungua nguvu kidogo inaweza kupita, na mgonjwa akaendelea kuumia. Tanzania hutumia Minilab, maabara ya kwenye sanduku, kuchuja dawa mipakani na mikoani, kisha sampuli zenye mashaka hupelekwa maabara kuu kupimwa kiasi halisi cha kiambato.