Injini kukaa kwenye maunti hakutoshi

Imezoeleka kusema kwamba ukibadilisha injini kwa nyingine ya familia ileile yenye sisi (cc, yaani ujazo) zilezile, gari la zamani la EFI (linalopuliza mafuta kwa umeme) litawaka tu. Si kweli. Maunti (vishikizo vya injini) na gia boksi zinaweza kukubali kabisa, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ikakataa.

Kontroli boksi hujua mkao wa kranki (mhimili mkuu wa injini) kwa kuhesabu meno ya gurudumu la sensa. Iliyotengenezwa kusoma gurudumu la nafasi 36 lenye pengo la jino 1, ukiipa la 60 lenye pengo la meno 2, haipati taimingi (wakati sahihi wa kuchoma mafuta), na mara nyingi injini haiwaki.

Hatari kubwa zaidi ipo kwenye nozeli, yaani vipulizia mafuta. Chomoa soketi, pima kila nozeli kwa mita: nyingi husoma ohmu 12 hadi 16, nyingine 2 hadi 3. Kwa volti 12, nozeli ya ohmu 12 huvuta ampea 1. Ya ohmu 2 inaweza kuvuta 6, na kontroli boksi isiyodhibiti mkondo huo huungua. Kama zinaingia, hamishia nozeli, sensa na gurudumu la meno kutoka injini ya zamani. Haziingii? Nunua injini pamoja na kontroli boksi yake na waya zake zote, zisizokatwa.