Je, wajua kwa nini mtu mpole hufoka akizidiwa na msongo?

Saa saba mchana, kituo cha daladala Sabasaba, Dodoma. Abiria anatoa noti ya elfu kumi kwa safari fupi. Konda anafoka hadi mishipa ya shingo inamsimama. Walio karibu wanahitimisha: "Hiyo ndiyo tabia yake halisi." Wenye utani mbaya wanamtajia Mirembe, hospitali yetu ya afya ya akili.

Imani hiyo ya "tabia halisi" imeenea mno: kwamba upole ni joho tu, na msongo hulivua. Ushahidi hauiungi mkono. Mwaka 2013 Candace Raio, Elizabeth Phelps na wenzao wa Chuo Kikuu cha New York walichapisha jaribio moja la ajabu kidogo. Watu walionyeshwa picha za nyoka na buibui, baadhi zikifuatana na shoti ndogo ya umeme, kisha wakafundishwa kuitazama hofu yao kwa jicho jingine. Kesho yake baadhi walitumbukiza mkono kwenye maji ya barafu kwa dakika 3, wengine kwenye maji ya vuguvugu. Wakaonyeshwa picha tena, na jasho la ngozi likapimwa kama kipimo cha hofu. Waliotoka kwenye vuguvugu, hofu yao ilipungua. Wa barafu waliogopa kana kwamba hawajafundishwa chochote. Hakuna aliyevuliwa joho hapo: somo walikuwa nalo, ila halikuwafaa wakati huo.

Kwa nini? Kutuliza hisia hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Ifananishe na shamba la zabibu kule Hombolo, linalomwagiliwa kwa mpira mrefu uliotoboka vitundu vinavyovujisha maji njiani. Vitundu vikizibwa, maji hufika hadi mche wa mwisho. Kemikali iitwayo noradrenalini, ikiwa ya wastani, ndiyo huziba vitundu vya namna hiyo ubongoni: mawasiliano kati ya seli hubaki imara. Msongo ukiimwaga kwa wingi, kazi hugeuka. Vitundu hufunguka, maji yakavujia njiani. Pampu inanguruma, kisima kimejaa, mpira ni ule ule, na mche wa mwisho mkavu. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameufuatilia uvujaji huu kwa miaka mingi, ingawa maelezo yake ya ndani kabisa yanatokana zaidi na wanyama kuliko watu. Wakati huo huo amigdala, kitovu cha hofu, huchangamka.

Lakini si kila msongo huleta matokeo hayo. Watafiti wa Bochum, Ujerumani, walikuta wanaume waliotoka kwenye msongo wakituliza hisia vizuri kuliko wenzao waliokuwa shwari. Huenda sababu mojawapo ni muda: noradrenalini hupanda ndani ya sekunde, ilhali kotisoli, homoni nyingine ya msongo, hufika kileleni baada ya dakika 20 hadi 30 hivi, na yenyewe huenda ikausaidia ubongo kurudi kwenye utulivu. Kwa hesabu hiyo, abiria mwenye elfu kumi angefika nusu saa baadaye, pengine angemkuta konda mwingine kabisa.