Eti wachangiaji wa Wikipedia hawana kazi za kufanya?

Dhana: Anayejitolea mtandaoni ni mtu aliyekosa shughuli.

Mwaka 2007 wanaastronomia waliweka mtandaoni picha za galaksi (makundi makubwa ya nyota) karibu milioni moja, wakaomba yeyote awasaidie kuzipanga kwa maumbo. Mradi huo uliitwa Galaxy Zoo. Ndani ya mwaka mmoja watu wapatao 150,000 walikuwa wameitikia, na majibu yao yakafika milioni 50. Walipoulizwa nini kiliwavuta, jibu lililoongoza lilikuwa hamu ya kushiriki utafiti wa kweli, si burudani. Mmoja wao, Hanny van Arkel wa Uholanzi, aliona wingu la ajabu ambalo wataalamu hawakuwa wameligundua. Leo linaitwa Hanny's Voorwerp, yaani kitu cha Hanny. Alikuwa mwalimu wa shule. Aliyewahi kukaa na rundo la madaftari ya kusahihisha ajisemee kama huyo ni mtu asiye na shughuli.

Dhana: Ukitaka watu wachangie, weka zawadi.

Zawadi huita watu, sibishi. Mwishoni mwa 2009 Google iliandaa shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, na kompyuta na simu zikiwa miongoni mwa zawadi. Mamia ya makala yaliingia. Lakini anayefukuzia kompyuta ana sababu ya kuandika mpaka siku ya kutangazwa washindi. Sababu ya kesho yake itoke wapi?

Hapa ndipo jaribio la watafiti Michael Restivo na Arnout van de Rijt, lililochapishwa 2012, linanifurahisha. Walichukua wahariri hodari wa Wikipedia ya Kiingereza, wale walio katika asilimia 1 ya juu kwa wingi wa kazi, wakawapa baadhi yao nyota ya pongezi. Nyota yenyewe ni picha tu, hailiwi wala haiuziki. Katika siku 90 zilizofuata, waliopewa waliwazidi wenzao kazi kwa takriban asilimia 60. Baadaye mtafiti Jana Gallus alijaribu kitu kama hicho kwa wageni, yaani wahariri wapya, wa Wikipedia ya Kijerumani: tuzo isiyo na senti hata moja iliongeza kwa asilimia 20 idadi ya waliorudi kuhariri mwezi uliofuata. Mtu anataka kazi yake ionwe, na ionwe na anayeijua kazi.

Dhana: Kujitolea ni bure.

Muulize anayenunua bando. Tena kuna muda na miguu. Katika mradi wa Ramani Huria, Dar es Salaam, ulioanza 2015, wanafunzi wa vyuo walipita mitaani pamoja na wakazi wakichora nyumba, vichochoro na mitaro, ili ijulikane mafuriko yanapita wapi. Ni kama msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji: barabara ikipita mlangoni kwako, jembe haliwi zito.

Dhana: Wageni wanaoondoka ni wavivu.

Hii ndiyo inayoniudhi zaidi. Wahariri hai wa Wikipedia ya Kiingereza, yaani wanaohariri mara kwa mara, walifika kilele mwaka 2007, zaidi ya 50,000, kisha wakaanza kupungua. Mtafiti Aaron Halfaker na wenzake walipochunguza, katika kazi iliyotoka 2013, waliona kwamba wageni wenye nia njema walikuwa wakifutiwa michango yao, mara nyingi kwa msaada wa programu, nao wakaenda zao. Fikiria mtu anaandika historia ya kijiji chake, aliyosimuliwa na bibi yake. Asubuhi anakuta haipo, pameachwa maneno mawili: haina chanzo. Hakuna aliyemkaribisha, wala wa kumwelekeza chanzo ni kitu gani. Hagombani na mtu. Anafunga ukurasa, anarudi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo na kuisimulia huko, ambako shangazi anamsahihisha jina la mto na binamu anauliza ilikuwaje baadaye.