Eti kila mstari utagonga nukta ya tatu?

Wanafunzi huku Lamu nawaskia wakishikilia ati ukipanga nukta kwa ujanja, kila mstari unaopita mbili utagonga na ya tatu. Haiwezekani bwana, labda zote zilale mstari mmoja au ziwe hazina mwisho. Mwanahisabati Sylvester aliuliza swali hili 1893, mwenzake Gallai akajibu 1944, ila mimi napenda njia ya mwanahisabati mwingine, Kelly: kati ya nukta zako zote na mistari yote inayopita angalau nukta zako mbili, chagua nukta P na mstari usiopita P, ambao umbali kati yao ni mdogo kuliko yote. Shusha mstari wa pembemraba toka P hadi kwenye huo mstari. Sasa ule mstari uliochagua ukiwa na nukta tatu, lazima mbili zikae upande mmoja wa pale pembemraba ilipogusa (au moja ikae papo hapo), basi hiyo ya karibu inakuwa na umbali mdogo zaidi hadi mstari unaounganisha P na ya mbali, na sisi tushasema mdogo zaidi hakuna! Kwa hivyo mstari huo una nukta mbili tu.