"Mama, Hapa Si Hospitali": Dhana Potofu Kuhusu Matibabu ya Dharura ya Mahabusu

Ijumaa moja jioni, shangazi yangu alisimama kwenye kaunta ya kituo cha polisi akimsihi askari wa zamu: "Afande, mtoto ana pumu." Inhela yake ilikuwa pale pale nyuma ya kaunta, ndani ya bahasha ya kaki, pamoja na mshipi, simu na kamba za viatu. Binamu yangu alikuwa seli, hatua chache tu kutoka hapo, kifua kikilia kama filimbi. "Mama, hapa si hospitali," akajibiwa. Inhela ilimfikia karibu saa sita usiku. Alipona, lakini maneno yale yamenikaa, maana hata sisi wa familia tuliyaamini.

Kituo si hospitali, sawa. Ndiyo maana polisi wanatakiwa wampeleke mgonjwa hospitali. Kifungu cha 43(2) cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na hakikumwacha nje mshukiwa. Kifungu cha 51 kinaongeza kwamba aliyezuiliwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile zisizowezekana akiwa kizuizini. Mimi na wewe tukizidiwa tutapanda bodaboda hadi zahanati. Aliye seli hawezi, kwa hivyo mzigo huo unamwangukia aliyeshika ufunguo.

Dhana inayoniogopesha zaidi ni hii: "Amelewa tu, mwache alale." Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka huyumba, hutetemeka, hutokwa jasho na ulimi ukawa mzito, hasa kama mlevi. Sukari ikipanda kupita kiasi, pumzi yake inaweza kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na askari akadhani ni pombe. Aliyegongwa kichwa naye husinzia, hutapika, akakoroma. Ukimwacha "alale" huenda damu inavujia ndani ya fuvu. Na hata kama kweli amekunywa, mtu asiyeamka anapoitwa na kutikiswa ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe hospitali, mambo ya pombe yaulizwe huko.

Wengine husema atatibiwa akishafikishwa kortini. Mshukiwa anapaswa kufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiisha wakati korti imefungwa, unasogea hadi siku ya korti inayofuata. Aliyeshikwa Ijumaa jioni anaweza kukaa hadi Jumatatu. Anayetegemea insulini hawezi kungoja wikendi nzima.

Na kama ni polisi wenyewe waliomjeruhi wakati wa kumkamata? Watu hudhani hapo ndipo haki huishia. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 inawataka maafisa waliopo watoe msaada wa matibabu mara moja na wawajulishe jamaa zake. Kutotoa msaada huo bila sababu nzuri ni kosa la jinai.

"Bila P3 daktari hamgusi." Si kweli. P3 ni fomu ya polisi inayojazwa kama ushahidi wa majeraha kwa ajili ya kesi. Mgonjwa hutibiwa kwanza. Pesa za kutanguliza vilevile haziwezi kuwa kizuizi. Chini ya Sheria ya Afya ya 2017, hospitali yenye uwezo wa kutoa matibabu ya dharura ikikataa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3.

Kuhusu hofu kwamba atatoroka: askari aketi mlangoni mwa wodi. Kulazwa hakumwachilii mtu.

Ukiwa na ndugu ndani, usiseme tu "anaumwa". Taja ugonjwa, taja dawa na saa ya kuinywa, na dawa yenyewe uilete ikiwa kwenye pakiti yake pamoja na karatasi ya daktari. Omba ombi lako liandikwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Askari wa kaunta akikataa, muulizie OCS, yaani mkuu wa kituo, na akikataa naye, wapigie IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, au wakili. Wakishaandika, omba nambari ya OB na saa, uziandike papo hapo, hata kama ni kwenye kiganja.